Almasi Ndani ya Shaba: Majibu kwa Barua Nne

Katika toleo lililopita niliandika aya chache kuhusu sahani za kupozea vifaa vya umeme zinazotengenezwa kwa kufungamanisha chembe za almasi na shaba, nikasema kwamba sahani hizo, zikitengenezwa sawasawa, hupitisha joto kuliko shaba tupu. Aya zile zilikuwa fupi mno kwa jambo lenyewe, na wasomaji wamenibana kwa haki. Nimechagua barua nne miongoni mwa zilizofika, na pale ambapo swali linadai maelezo marefu sikujizuia.

Mwalimu wa fizikia, Fort Portal

"Ndugu Mhariri, siku zote nimewafundisha wanafunzi wangu kwamba kitu kinachopitisha umeme vizuri hupitisha joto vizuri pia. Sasa mmeandika kwamba almasi, ambayo ni jiwe na haipitishi umeme, inaishinda shaba katika kupitisha joto. Niwaambie nini watoto hawa?"

Mwalimu, ulilowafundisha ni kweli maadamu tunazungumzia metali. Mwaka 1853 Wajerumani wawili, Gustav Wiedemann na Rudolph Franz, walipima metali mbalimbali na kukuta kwamba uwiano kati ya upitishaji wa joto na upitishaji wa umeme unakaribia kuwa uleule katika metali zote zilizo katika halijoto moja. Sababu ilikuja kueleweka baadaye: ndani ya metali kuna elektroni zisizofungwa kwenye atomu yoyote, na elektroni zilezile zinazobeba umeme ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya joto. Ndiyo maana fedha inaongoza katika mambo yote mawili na shaba inaifuata kwa karibu. Kwa kipimo cha wati kwa mita kwa digrii, fedha ina takribani 430, shaba 400, alumini safi 237, chuma 80, na chuma cha pua 15 tu, tofauti ambayo mpishi yeyote aliyeshika mpini wa sufuria ya chuma cha pua anaijua kwa mkono wake.

Kosa linaingia pale tunapodhani kwamba elektroni ndizo wapagazi pekee wa joto. Joto ni mtikisiko wa atomu, na mtikisiko unaweza kupokezanwa kutoka atomu hadi atomu bila elektroni yoyote kuhama. Katika kioo, atomu zimekaa shaghalabaghala, kwa hiyo wimbi la mtikisiko hutawanyika kabla halijafika mbali, na kioo hupata takribani 1 tu katika kipimo hichohicho. Almasi ni kinyume chake. Atomu za kaboni ni nyepesi, kila moja imeshikwa na jirani nne kwa vifungo vyenye nguvu kubwa, na mpangilio wake haubadiliki toka upande mmoja wa jiwe hadi mwingine. Sauti husafiri ndani yake kwa kasi ya takribani mita 18,000 kwa sekunde, ilhali hewani hufika 340 tu. Mawimbi hayo ya mtikisiko, ambayo wanafizikia huyaita fononi, hupita humo bila vikwazo vingi, na almasi safi hufikia kati ya 2,000 na 2,200, yaani mara tano ya shaba, huku umeme ukiwa umezuiwa kabisa.

Neno "safi" hapo lina uzito wake. Kaboni ya kawaida ina takribani asilimia 1.1 ya atomu zilizo nzito kidogo kuliko wenzake, na hata hizo huyasumbua mawimbi. Mwaka 1990 watafiti wa General Electric nchini Marekani walikuza almasi ambayo atomu nzito zilikuwa zimepunguzwa hadi takribani asilimia 0.1, na upitishaji wake ukapanda hadi takribani 3,300. Nitrojeni nayo hudhoofisha upitishaji, na ndiyo huzipa almasi nyingi za viwandani rangi ya manjano. Rangi hiyo nitaigusa tena katika jibu linalofuata.

Kwa hiyo ibakize kanuni yako, ila iongezee maneno "katika metali". Kwa jaribio la darasani, ile njia ya zamani ya mwanasayansi Jan Ingenhousz bado haijapata mpinzani: chukua waya za shaba, alumini na chuma zenye unene mmoja, gandisha pini kwa nta ya mshumaa kwa umbali uleule kwenye kila waya, pasha moto ncha moja, kisha waache wanafunzi wahesabu pini zinazoanguka. Almasi hamtaweza kuiweka katika jaribio hilo, lakini waeleze kwamba mtu akishika kipande bapa cha almasi kwa vidole na kuuegemeza ukingo wake kwenye barafu, ukingo huo huzama ndani ya barafu kana kwamba umepashwa moto, kwa sababu joto la vidole vyake linafika pale karibu papo hapo.

Fundi wa inveta na amplifaya, Mbale

"Mzee wetu, pokea salamu kutoka Mbale. Ninatengeneza inveta, amplifaya na chaja za sola, na transista za pato zinaungua mara kwa mara, wateja wananirudia. Rafiki yangu wa Katwe, Kampala, husubu sufuria za alumini na pia huyeyusha shaba. Tumesikia kwamba unga wa almasi wa kunolea na kung'arishia unauzwa, na disiki za kukatia vigae nazo zina chembe za almasi. Je, tukiumimina unga huo ndani ya shaba iliyoyeyuka, tutapata hitisinki, yaani sahani za kupozea, bora kuliko za dukani? Na zile grisi zinazosemekana kuwa na almasi, zinafaa?"

Salamu zimefika, fundi, na swali lako ni la mtu anayefikiri. Jibu la sehemu ya kwanza ni hapana, lakini sitaki uishie hapo, kwa sababu sababu za hapana hiyo ndizo zitakazokusaidia mezani kwako.

Anza na tanuru la rafiki yako. Shaba huyeyuka kwa digrii 1,085, na ikiwa katika hali ya uji, sentimita moja ya ujazo ina uzito wa takribani gramu 8, ilhali almasi ina gramu 3.5. Unga wako utaelea juu kama pumba juu ya maji. Ukiwa huko juu utakutana na hewa, na almasi ni kaboni kama mkaa ulivyo kaboni: ikishapita digrii 700 au 800 hewani huanza kuungua na kugeuka gesi. Tuseme mmefaulu kuukoroga na kuuzamisha. Shaba iliyoyeyuka haishikamani na almasi; hujikusanya matone juu yake kama maji juu ya jani la gimbi. Mkimimina kwenye kalibu na kuiacha ipoe, kila chembe itakuwa imekaa ndani ya shaba kama jiwe ndani ya matope yaliyokauka, imezungukwa lakini haijashikwa.

Hapo ndipo kiini cha jambo lote kilipo, nami naomba univumilie. Ndani ya shaba joto linabebwa na elektroni, ndani ya almasi linabebwa na mtikisiko, na kwenye mpaka kati ya viwili hivyo lazima mzigo uhamishwe kutoka kwa mpagazi mmoja kwenda kwa mwingine. Umepata kuona mzigo wa kwenda visiwa vya Ssese ukishushwa kwenye lori na kupakiwa mtumbwini? Barabara inaweza kuwa ya lami na injini ya mtumbwi ikawa mpya, lakini muda wote unapotea pale mwaloni, gunia baada ya gunia. Mwaka 1941 Mrusi Pyotr Kapitsa alipima jambo hilo katika heliamu kioevu, akakuta kwamba halijoto huruka ghafla kwenye mpaka kati ya heliamu na kitu kigumu inachokigusa, kana kwamba kuna ukuta usioonekana. Mpaka wa almasi na shaba una ukuta wa aina hiyo hata zikiwa zimegusana sawasawa, na zikiwa hazikugusana, ukuta unakuwa mnene zaidi.

Sasa tufanye hesabu. Mwaka 1987 Hasselman na Johnson walitoa kanuni inayokadiria upitishaji wa mchanganyiko wa namna hii, ikiwa na nafasi maalumu ya upinzani wa mpakani. Chukua almasi ya manjano ya kiwandani yenye 1,500, na mpaka uliotengenezwa vizuri unaopitisha wati milioni 50 kwa kila mita ya mraba kwa kila digrii moja. Chembe yenye nusu kipenyo cha mikroni 100 itatenda kazi kana kwamba ina takribani 1,150, kwa kuwa sehemu ya uwezo wake imemezwa na mpaka. Ukijaza chembe hizo hadi asilimia 60 ya ujazo, kompoziti nzima, yaani mchanganyiko wote wa almasi na shaba, itafikia takribani 760, karibu mara mbili ya shaba. Badilisha kitu kimoja tu, ukubwa wa chembe: nusu kipenyo kiwe mikroni 5. Almasi ni ileile na mpaka ni uleule, lakini sasa chembe inatenda kazi kana kwamba ina 214, na kompoziti nzima inashuka hadi takribani 280, chini kabisa ya shaba tupu uliyoanza nayo. Kadiri chembe zinavyokuwa ndogo, ndivyo joto linavyolazimika kuvuka mipaka mingi zaidi ili kusafiri umbali uleule. Unga laini wa kung'arishia uko katika kundi hilo la pili, kwa hiyo mngenunua almasi kwa fedha zenu na kuiharibu nayo shaba nzuri.

Viwandani hufanya hivi. Huchagua chembe kubwa kiasi, mara nyingi za mikroni 100 hadi 400, zenye nyuso safi. Kisha huongeza ndani ya shaba kiasi kidogo cha kromi, boroni, titani au zirkoni, metali na elementi zinazopenda kuungana na kaboni, au huipaka almasi elementi hizo kabla ya kuichanganya. Juu ya uso wa almasi hujengeka utando wa kabidi, yaani muungano wa elementi hizo na kaboni, ambao upande mmoja umeshikwa na almasi na upande mwingine unalowana na shaba. Kazi hiyo hufanyika ndani ya ombwe au gesi isiyounguza, na shaba husukumwa kwa shinikizo ipenye kati ya chembe zilizoshindiliwa. Ugumu uko kwenye unene wa utando. Kabidi ya kromi ina takribani 20 tu katika kipimo chetu, kwa hiyo utando wa sehemu moja ya kumi ya mikroni unasaidia, lakini ukifika mikroni nzima wenyewe unakuwa kizuizi. Na kromi inayobaki ndani ya shaba bila kuungana na almasi nayo huipunguzia shaba uwezo wake. Nawaheshimu sana watu wanaoifanya kazi hiyo, kwa sababu wanatafuta kipimo chembamba ambacho jicho haliwezi kukiona, na kosa lolote pande zote mbili linawagharimu. Wakifaulu hupata 600 hadi 900. Halafu kompoziti hiyo haitobolewi kwa keekee yako. Ncha ya keekee itakwisha kabla hujaingia milimita chache, kwa hiyo sahani hutengenezwa tangu mwanzo kwa umbo linalokaribia lile la mwisho.

Jambo jingine kuhusu Katwe, ambako mikono ya mafundi naiamini. Shaba ya njano ya mabomba na vitasa ina takribani 110 hadi 120 tu, kwa sababu ya zinki iliyomo. Pistoni kuukuu za magari zina silikoni nyingi, na aloi za namna hiyo huwa kati ya 100 na 150, si 237 ya alumini safi. Ukitaka hitisinki ya kusubu, tenga waya na sahani za alumini mbali na pistoni.

Lakini je, hitisinki ndiyo inayoziua transista zako? Hesabu tena nami. Chukua transista inayotoa joto la wati 50 kupitia mgongo wenye eneo la sentimita 2 za mraba. Sahani ya shaba ya milimita 3 chini yake italeta tofauti ya takribani digrii 2. Ukiibadilisha kwa kompoziti ya almasi yenye 760, tofauti itakuwa digrii 1, yaani umeokoa digrii moja. Sasa tazama grisi. Grisi ya kawaida yenye 1, ikipakwa kwa unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita, inaleta digrii 25; ikipakwa nusu ya unene huo, digrii 12 na nusu. Kipande cha mika cha kuzuia umeme, chenye unene wa nusu ya sehemu ya kumi ya milimita, kinaongeza nyingine 25. Na kama mahali pa grisi kuna hewa yenye unene huohuo wa mika, hesabu inatoa digrii 480, maana yake transista itakuwa imekufa muda mrefu kabla ya kufika hapo.

Niliwahi kulipia somo hili. Miaka mingi iliyopita nilikuwa nikihudumia mtambo wa kurushia matangazo wa redio moja ya FM, na katika msimu mmoja wa mvua transista ya pato ile ile iliungua mara tatu. Kila mara nilibadilisha transista, nikapaka grisi nyingi zaidi, nikakaza skrubu zaidi. Mara ya nne niliifungua taratibu na, badala ya kuifuta, nikaigeuza mgongo wake kwenye mwanga. Kwenye kona moja grisi ilikuwa imebanwa hadi ikawa utando wa kuangaza metali. Sehemu nyingine zote ilikuwa nene na nyeupe, na mistari ya kijiti nilichoipakia ilikuwa bado ipo kama nilivyoiacha, maana yake pale hapakugusana kitu na kitu. Nilipitisha ukucha juu ya hitisinki na ukakwama kwenye ukingo wa tundu la skrubu, mahali ambapo keekee ilikuwa imeinua kijino kidogo cha alumini. Kijino hicho kiliibeba transista upande mmoja, na kila nilipokaza skrubu niliiinamisha zaidi. Nilikiondoa kwa tupa, nikatandaza msasa laini juu ya kioo na kusugua uso wote hadi ukawa sawa, nikapaka grisi kidogo. Transista haikuungua tena kwa muda wote niliohudumu pale.

Fanya hivyo hivyo, fundi. Fungua transista moja iliyoungua na usome alama ya grisi kabla hujaifuta. Usitumie dawa ya meno, ambayo mafundi wengine huipaka kwa kukosa grisi. Maji yake hukauka na kuacha nyufa zilizojaa hewa. Grisi yenye unga wa almasi ni kitu cha kweli na baadhi hutangazwa kufikia kumi na kitu katika kipimo chetu, lakini ikipakwa nene juu ya uso uliopinda inashindwa na grisi ya bei nafuu iliyopakwa nyembamba juu ya uso ulio sawa. Sawazisha uso kwanza, kisha ukibakiwa na fedha nunua grisi bora.

Mwana wa mchimbaji, Kasese

"Marehemu baba yangu alifanya kazi katika mgodi wa shaba wa Kilembe. Je, shaba yetu ingeweza kutumika katika vitu hivi, au ni lazima iwe shaba ya aina nyingine?"

Shaba ni shaba, ndugu yangu, na atomu zilizotoka Kilembe hazina tofauti na nyingine. Kinachotenganisha shaba moja na nyingine ni usafi. Mgodi ulizalisha kati ya 1956 na 1982. Madini yaliyochekechwa yalisafiri kwa reli hadi Jinja, yakayeyushwa kwa umeme wa bwawa la Owen Falls lililofunguliwa mwaka 1954, na kilichotoka kilikuwa shaba ghafi, ile ambayo uso wake hujaa malengelenge ya gesi ikipoa. Shaba hiyo haikuwa tayari kwa kazi ya elektroniki. Ilihitaji bado kusafishwa kwa umeme ndani ya tindikali hadi kufikia asilimia 99.99, kwa kuwa hata mabaki kidogo ya fosforasi au chuma huzisumbua elektroni na kushusha ile 400 kwa kiasi kikubwa.

Na usidhani kwamba katika kompoziti shaba ni gundi tu ya kushikia almasi. Almasi ikiwa asilimia 60 ya ujazo, shaba bado ni zaidi ya asilimia 60 ya uzito, ingawa kitu chote kinakuwa chepesi kuliko shaba tupu kwa zaidi ya theluthi moja. Kuna uhusiano mwingine ambao nadhani baba yako angefurahi kuusikia. Miamba ya Kilembe ina kobalti pia, na mabaki ya mgodi yaliyorundikwa Kasese yalikuja kuchakatwa ili kuitoa. Kobalti, pamoja na chuma na nikeli, ni miongoni mwa metali zinazotumika kuyeyushia kaboni ndani ya mashinikizo makubwa ambamo grafiti hugeuzwa kuwa almasi, kazi ambayo General Electric waliifaulu mwishoni mwa 1954.

Mhandisi wa minara ya simu, Gulu

"Mhariri, naomba unisaidie kuelewa gharama. Kama shaba tupu inapitisha joto vizuri hivyo, kwa nini watengenezaji wa mitambo wasiweke shaba nene zaidi chini ya chipu wakaachana na almasi? Na kama ulivyowahi kusema, digrii moja inayookolewa ina faida gani?"

Dada, digrii moja niliyoitaja ni ya transista kubwa ya inveta, ambayo joto lake limesambaa. Chipu za galiamu naitraidi, maada inayotumika badala ya silikoni, zilizo katika vikuza-mawimbi vya minara yako ni jambo jingine. Chukua wati 100 zinazotoka kwenye eneo la milimita 10 za mraba. Katika milimita ya kwanza ya shaba iliyo chini yake, kama tukiacha kuhesabu jinsi joto linavyosambaa pembeni, tofauti ya halijoto ni digrii 25; katika kompoziti yenye 760 ni 13. Shaba nene haisaidii hapo, maana msongamano uko katika milimita hiyo ya kwanza, na ukiongeza shaba chini yake unairefusha njia bila kuipanua pale inapobana.

Sababu ya pili ina uzito zaidi kuliko ya kwanza, na kwa maoni yangu ndiyo inayoilipia almasi gharama yake. Shaba ikipashwa digrii moja hutanuka sehemu 17 kwa milioni; silikoni hutanuka 2.6, galiamu naitraidi takribani 5.6, almasi takribani 1. Weka chipu ya silikoni yenye upana wa sentimita moja juu ya shaba na uvipashe vyote digrii 100. Shaba itaongezeka mikroni 17 na chipu chini ya 3, na tofauti hiyo ya mikroni 14 italazimika kubebwa na lehemu nyembamba iliyo katikati. Mnara unapokuwa na kazi nyingi jioni na kazi chache alfajiri, lehemu hiyo huvutwa na kurudishwa kila siku hadi ipasuke. Kompoziti ya almasi na shaba hutanuka 5 hadi 8 kwa milioni kutegemea kiasi cha almasi, kwa hiyo mtengenezaji anaweza kuchagua kiasi kinacholingana na chipu yake.

Zamani tatizo hili lilitatuliwa kwa kuchanganya shaba na volframu, ambayo madini yake yamechimbwa miaka mingi pande za Kisoro na Kabale. Mchanganyiko huo hutanuka kidogo kama inavyotakiwa, lakini upitishaji wake hushuka hadi takribani 200, nusu ya shaba. Katika miaka ya 1990 maabara ya Lawrence Livermore, huko California, ilitengeneza kompoziti ya almasi ndani ya aloi ya shaba na fedha iliyoitwa Dymalloy, yenye takribani 420, ikitanuka kwa kiwango kinachokaribiana na cha galiamu asenaidi, maada nyingine ya kutengenezea chipu. Kwa mara hiyo mhandisi hakulazimika kuchagua kati ya kupitisha joto na kutopasua lehemu.

Alumini nayo hutumika badala ya shaba pale ambapo wepesi unahitajika, na kompoziti zake nzuri hupita 500. Ila alumini iliyoyeyuka ikikaa na almasi muda mrefu huzaa kabidi ya alumini kupita kiasi, na kabidi hiyo huharibiwa na unyevu: ikipata maji hutoa gesi ya methani na kuacha mpaka ukiwa umelegea. Katika nchi yenye misimu miwili ya mvua kama kusini mwa Uganda, au hata huko kwenu ambako mvua ni msimu mmoja mrefu, ningependa kujua jinsi kingo za sahani ya namna hiyo zilivyozibwa kabla ya kuikubali mnarani.

Siku utakapoteremshiwa moduli iliyokufa, mwombe fundi wako aikate au aifungue chipu bila kuipasha moto upya, kisha mtazame lehemu kwa lenzi. Anzieni kwenye pembe nne, kwa sababu huko ndiko mbali zaidi na katikati, mahali ambapo tofauti ya kutanuka inajumlishwa yote, na ufa huanzia hapo kabla ya kutambaa kuelekea ndani. Mkiona rangi ya kijivu iliyofifia pembeni na lehemu inayong'aa katikati tu, mtakuwa mmeona eneo halisi ambalo joto lilikuwa likipitia siku za mwisho za chipu hiyo.